Kikopo cha Darajani

Fundi cherehani alikuwa na mchezo wake: watu huficha vikopo vidogo mahali pa wazi, na wenzao dunia nzima huvitafuta kwa ramani ya simu. Sharti lake ni kwamba asiyecheza asione. Katika safari hii ya ugenini alikuwa hajapata hata kimoja, kwani kiongozi wa msafara aliwaswaga kama mbuzi, kutoka sanamu hadi sanamu.

Siku ya mwisho walisimama darajani kupiga picha. Simu ikamwonyesha kwamba kikopo kiko papo hapo. Akachuchumaa, akapapasa chini ya ukingo wa chuma.

"Umeangusha nini, wifi?" aliuliza mke wa kaka yake.

"Hereni," alidanganya.

Laiti angenyamaza. Wifi alitangaza, na kufumba na kufumbua kikundi kizima kikawa kimepiga magoti, hata kiongozi na kibendera chake. Kidole cha fundi kikagusa kifuniko kidogo, baridi. Lakini macho yalikuwa kila upande, akautoa mkono mtupu.

Walitafuta hadi jumba la makumbusho, kituo chao cha mwisho siku hiyo, likafungwa. Ndani ya basi watu walinuna, hakuna aliyemtazama.

"Usijali, wifi," alinong'ona mke wa kaka yake, akimpapasa bega. "Kitu kikipotea kimepotea."

Fundi alitamani kupiga kelele. Badala yake aliuma meno, akasema, "Asante, wifi," huku daraja likitokomea nyuma ya majengo.