Kikombe cha Kumi na Mbili

Kigae chenyewe, kipande cha kikombe kilichookotwa kilimani, kilikuwa kidogo kama ukucha wa dole gumba: cheupe, na ukingoni kina mstari wa buluu uliofifia. Bibi Vashti alikiweka mezani, kando ya sahani yangu ya wali mwekundu na kamba.

"Wakili wao anasema hii ni takataka," alisema.

Kilima cha mierezi, ambako Bibi alikuwa akipelekwa na bibi yake kufagia makaburi, kampuni ya kujenga nyumba za matajiri ilikuwa imekiandika kwenye ramani kwa maneno matatu: jaa la zamani. Wapimaji waliona vikombe vilivyovunjika na makombe ya pwani, wakaandika walichokijua. Kwao chombo kilichovunjika ni cha kutupwa. Kwetu, marehemu huwekewa juu ya kaburi kile alichonywea mara ya mwisho, na huvunjwa kwanza, ili msiba uishie hapo, asirudi kumchukua mwingine. Mtoto yeyote wa huku Karolina Kusini, wa ukoo wetu, anajua hilo. Lakini halmashauri ya wilaya ilitaka karatasi. Alhamisi saa nne asubuhi: karatasi au matingatinga.

"Bibi," nikasema, mdomo umejaa, "karatasi ninazo mimi! Masanduku kumi na tisa!"

"Meza kwanza, Kezia. Halafu jisifu."

Kazi yangu chuoni ilikuwa kupanga barua za akina Hallowby, waliomiliki shamba la mpunga lenye kile kilima, na waliotumiliki sisi. Barua za biashara za Josiah Hallowby zinasomeka upesi: mapipa ya mpunga yaliyokwenda London, misumari na kofia zinazotakiwa zije, na katikati ya misumari na kofia, watu. Nilikuwa nimezizoea. Kufikia mwezi wangu wa pili kazini nilisoma "msichana mwenye afya, meno kamili" huku natafuta kwenye simu wapi nitakula mchana.

Jumatatu ile nikaipata oda yake ya mwaka 1773: dazeni moja ya vikombe vyeupe, ukingo wa buluu. Nikapiga ukelele.

"Kezia, humu watu wanasoma," alinong'ona Bwana Orrin, mkuu wa hifadhi ya nyaraka.

"Na mimi nasoma, ndiyo maana napiga kelele!"

Akaitazama barua, akanirudishia taratibu. "Hii inaonyesha kwamba bwana alikuwa na vikombe. Wakili atasema vilivunjika, vikatupwa kilimani. Nani alikipeleka kile kikombe pale, na kwa nini? Hilo ndilo utakaloulizwa."

Zikabaki barua za mke wa Josiah, Theodosia, kwa dada yake wa Savannah. Waliozipanga kabla yangu walikuwa wameandika kwenye orodha: hali ya hewa, homa, mavazi. Lakini Theodosia alibana karatasi. Ukurasa ukijaa, aliugeuza ubavu akaandika tena juu ya mistari ile ile, mpaka barua ikafanana na wavu. Walionitangulia walisoma mistari iliyolala, wakaiacha iliyosimama. Nani ana macho ya kazi hiyo? Nilikuwa nayo mimi, na nilikuwa na siku mbili. Nikageuza karatasi ya kwanza. Nikageuza ya arobaini. Jumatano mchana, macho yanachoma, nikaifikia hii:

"Cumba wa jikoni alimzika mwanawe Jumanne, pale kwenye mierezi wanakozikana wote. Akaja kuniomba kikombe alichonyweshewa dawa mtoto. Nikamuuliza cha nini, akasema cha kuvunja. Hebu fikiri, dada! Nilimpa kwa sababu kilikuwa na ufa. Sasa vimebaki kumi na moja, na wageni wanakuja Jumamosi."

Nilikimbia mpaka kwa Bibi, nakala mkononi, nikaingia bila kubisha hodi. "Tumewapata! Wanakozikana wote, Bibi! Kaandika mwenyewe, kwa mkono wake!"

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Halafu akauliza, "Mtoto aliitwa nani?"

Nikashusha macho kwenye karatasi. Nikaipitia yote, mistari ya kulala na ya kusimama. Vikombe vilihesabiwa. Wageni walitajwa, kila mmoja na jina lake.

"Hakuandika," nikasema. Furaha yote ikanishuka miguuni.

Bibi alikuwa akikifuta kigae kwa pindo la aproni, ingawa hakikuwa na vumbi.

Alhamisi nilikuwa nimepanga kuipunga ile barua kama bendera. Nilipoitwa mbele ya halmashauri, niliisoma polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Nilipofika kwenye "kumi na moja," mjumbe mmoja alivua miwani.

"Kwa heshima zote," alisema wakili, "hiki ni kisa cha kikombe kimoja."

Bibi Vashti aliinuka, akakiweka kigae mbele ya wakili. "Mwanangu, nina miaka themanini na tatu, na nimekifagia kilima kile tangu nina saba. Ningekuwa na hamu ya kufagia majaa, si ningeanzia la kwenu? Liko karibu na barabara."

Ukumbi ulicheka, hata karani. Kura zikapigwa: watano kwa wawili. Ujenzi usimame mpaka kilima kipimwe upya, kaburi kwa kaburi.

Nyumbani Bibi alivua viatu, akamimina kahawa kwenye kikombe chake cha njano, kile chenye pengo ukingoni nililolifanya mimi nikiwa na miaka sita. Akakiinua nikione vizuri.

"Ni hiki," alisema. "Usije ukaniletea kipya kule juu kilimani."

"Bibi! Mambo gani hayo leo?"

"Leo ndiyo siku yake. Zimebaki barua ngapi za yule mwanamke?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Na zote kazigeuza ubavu?"

"Karibu zote."

"Basi nenda kazigeuze, umtafute mtoto." Akapuliza kahawa yake. "Mimi bado nakunywa."