Pua ya Fausta

Pale Hasamba, gunia la kahawa haliingii ghala la kikundi cha wakulima kabla Fausta hajalinusa. Lakini msimu uliopita vumbi la maganda lilimtia chafya mfululizo, pua ikaziba, na shemeji yake Yonasi akawatangazia wenzake kwamba pua hiyo imezeeka, itafutwe nyingine.

Fausta alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya aleji. Vikamfaa: chafya ikakoma, macho yakaacha kuwasha, makamasi yakakauka. Ila pua ilibaki imeziba, hata kitunguu hakusikia harufu yake. Mwingine angevitupa vidonge. Yeye akarudi kuuliza.

“Vidonge vinatuliza chafya na muwasho,” daktari akamwambia. “Kuziba vinasaidia kidogo tu. Puliza na dawa hii puani kila siku, wala usitegemee maajabu ya siku moja.”

Akapuliza kila asubuhi, bila kuruka. Msimu mpya ulipofunguliwa, alisimama mlangoni mwa ghala, kidevu juu. Yonasi akawa wa kwanza kuleta gunia lake, huku anatabasamu.

Fausta akachota kiganja kimoja, akanusa.

“Shemeji, hii imelala na dagaa.”

Yonasi akaapa kwamba si kweli. Nyuma yake, mkewe Rozi akaangalia chini. “Si nilikwambia ukitoe chumbani kile kiroba cha dagaa ulichotoka nacho Tunduma?”

Fausta akalifunga gunia taratibu, akamrudishia mwenyewe.

“Hii utainywa nyumbani kwako. Na ile pua nyingine mkiipata, mniletee niifundishe kazi.”