Kitobo Kilichozibwa

Jaafar alikuwa amezikwa mwaka na miezi miwili, mkewe Esha alipomwona mbele yake Ukunda, hatua chache kutoka duka la nyuzi. Alimwona kwa nyuma. Uso hakuuona, aliona kofia, nayo ilimtosha. Akamfuata mtu yule akijipenyeza baina ya watu, ingawa akili ilikuwa ikimwambia, Esha, wewe mwenyewe ulisimama mlangoni jeneza likitoka. Mtu akageuka kununua maji. Alikuwa kijana tu, ndevu hazijamjaa.

Esha alimtolea salamu, akamwuliza kwa upole kofia ile aliipata wapi. Kijana akamwambia ni ya mashine, ziko tele dukani kwa Kimanzi, na bibi akitaka ya mjukuu wake, hata ndogo zipo.

Kofia ya Jaafar Esha aliishona mwenyewe siku za uchumba, kwao Kinondo. Ilikuwa kofia ya viua, yenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka vikafanya maua. Maua yenyewe hakuyaiga kwa mtu. Yalikuwa asumini nne nne, vichwa vikitazamana, na alimwahidi Jaafar kwamba ua hilo halitakaa juu ya kichwa cha mwanamume mwingine. Miaka thelathini na moja aliwashonea watu kofia, na neno lake hakulivunja. Kitobo kimoja tu alikiharibu. Sindano ilimchoma, damu ikagusa kitambaa, naye akaziba pale kwa mafundo matatu ya uzi ili doa lisionekane. Alipotaka kufumua aanze upya, Jaafar alimkataza. Alisema kwa fundo hilo ataujua upande wa mbele, na tangu siku ile aliivaa kofia yake fundo likiwa juu ya sikio la kulia.

Kimanzi, mtu wa Shimba Hills aliyefungua duka Ukunda, alimkaribisha akamwuliza anataka ya mzee au ya kijana. Esha alichukua kofia moja rafuni, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole. Mafundo matatu. Akachukua ya pili, akachukua ya tatu. Mashine ilikuwa imeshona mpaka kosa lake.

"Hii ni kofia ya mume wangu," alisema.

"Basi mama, bwanako ana vichwa vingi," Kimanzi alimtania, kisha akautazama uso wa Esha, akashuka kwenye stuli yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akatoa simu, akamwonyesha ukurasa wa mtu anayemwagizia bidhaa, mtu ambaye hata yeye hajawahi kumwona. Kofia ilikuwa pale, kubwa, imejaa kioo kizima. Chini yake palikuwa na mkeka. Esha aliujua mkeka ule, pembe yake iliungua kwa kaa la chetezo. Akamwambia Kimanzi kwamba picha ile ilipigwa nyumbani kwake, na mashine imeiga kutoka humo.

"Na hapa hamkuandika jina?" Kimanzi aliuliza.

"Jina nililikataa mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Hanifa, binti wa kaka yake, ndiye aliyepiga picha ile Esha akiwa ndani ya eda. Msichana alitaka watu waijue kazi ya mkono wa shangazi yake, wapate kumletea kazi baada ya eda. Esha aliitoa kofia ya Jaafar kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na kwa sababu, Mola amsamehe, alitaka watu waone jinsi kichwa cha marehemu kilivyotunzwa. Hanifa alikuwa amefundishwa huko Msambweni na vijana wenzake wanaouza michoro. Alimweleza shangazi kwamba picha iwekwe ndogo, isipigwe karibu mpaka vitobo vihesabike na kuigwa, na jina la mshonaji lipite katikati ya kazi yenyewe, kwa sababu likiwekwa pembeni hukatwa. Esha alikataa yote. Picha ndogo ingemdhalilisha Jaafar. Na jina, aliuliza, mwanamke aliye ndani ya eda jina lake lipite mikononi mwa wanaume wasiomjua? Hanifa akatii, akaiweka picha mtandaoni kama ilivyo.

Sasa Hanifa alilia aliposikia. Alipiga magoti, akasema, "Nisamehe, shangazi. Ningekukatalia."

"Ungenikatalia ningekufukuza," Esha alimjibu. "Inuka, mwanangu. Tuandike."

Wakaandika. Hanifa alikuwa bado na picha ya kwanza kwenye simu, pamoja na tarehe yake, akaongeza picha ya kofia yenyewe, mafundo yakionekana, na maelezo ya damu na sindano. Walipeleka malalamiko kwa wenye mtandao. Kimanzi naye alimwandikia mwuzaji kwamba kosa la mtu haliwezi kujirudia lenyewe mahali palepale. Siku ya tisa picha iliondolewa. Kimanzi alizitoa zake rafuni, akaja Kinondo mwenyewe kusema hivyo, akakataa chai kwa aibu. Lakini alisema kweli vilevile, kwamba kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga kila duka linazo, na zilizokwisha kuvaliwa hakuna wa kuzivua.

Esha alimshukuru. Mgeni alipoondoka, akaitoa kofia ya Jaafar kwenye sanduku, akatafuta mkasi mdogo. Mafundo matatu tu. Akiyakata, kitobo kitafunguka, na hii itakuwa tena kofia moja peke yake duniani, isiyofanana na zile zote. Alitia ncha ya mkasi chini ya uzi. Doa lilikuwa bado huko ndani, limekuwa rangi ya kahawa.

Usifumue, alikuwa amemwambia.

Akauweka mkasi chini.

Siku hizi Hanifa hupiga picha za kofia nyingine, kwa mbali, na jina la Esha hupita juu ya maua kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo shangazi halikatai tena. Lakini Ijumaa, wakati watu wanapotoka msikitini, alikuwa na desturi ya kuketi barazani kwake akipokea salamu, na baada ya Jaafar kufa aliendelea nayo. Sasa asumini za Jaafar hupita pale juu ya vichwa vya wengi, naye huugeuza mkeka wake wenye pembe iliyoungua, akaelekea ukutani. Wapitao humtolea salamu, naye huitikia kila mmoja kwa sauti kamili, bila kugeuka.