Bakuli la Shimo la Silaji

Jembe liliposema "kweng!" Wamalwa alijua hajagonga jiwe la kawaida. Alikuwa akichimba shimo la silaji, la kuhifadhia majani ya ng'ombe, shambani kwa Mama Jepkosgei, huko Kapseret, na tayari lilimfika kifuani. Akafukua kwa mikono. Likatoka bakuli la jiwe, zito kama mtoto wa miaka miwili, na kando yake vigae vya vyungu tele. Akapitisha kidole kwenye alama za aliyelichonga. Akawaza: Mtu huyu naye alitoka jasho kama mimi!

Kufikia saa nne majirani walikuwa wamezingira shimo. Tyson wa bodaboda alikuwa ameshampigia Antony, mnunuzi wa vitu vya kale mjini.

"Anafika saa sita!" alipiga kelele.

"Sheria inasema vitu kama hivi ni vya makumbusho," Wamalwa akasema. "Nilisikia kwa redio. Ikitoka hapa, hatutaiona tena."

Kicheko kikalipuka.

"Sheria iko Nairobi, bakuli iko Kapseret!" Tyson akajibu. "Hebu sikizeni wakili wa udongo!"

Wamalwa akamgeukia mwenye shamba. "Mama, tafadhali."

"Wewe chimba shimo. Ng'ombe yangu haikuli sheria."

Lakini nyumbani kwa Mama Jepkosgei mgeni haonyeshwi chombo kichafu. Mama akalisugua bakuli kwa mchanga na sabuni, akachoma kijiti, akalipaka makaa yake ndani, vile vile anavyotayarisha kibuyu cha mursik kabla ya kutia maziwa ya kugandisha. Likang'aa, jeusi tititi, likinukia moshi. Watu wakapiga vigelegele. Wamalwa akafumba macho asione alama za kale zikifunikwa.

Antony alipofika alilinusa, akalikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka mweusi.

"Hii mmechonga juzi, mkaipaka masizi! Mama mzima, huna haya kudanganya watu?"

Mama akainuka polepole.

"Umeniita mwongo? Kwa boma yangu?"

"Nimesema chenye naona."

"Toka! Toka kabla sijafungulia mbwa!"

Gari likaondoka na vumbi lake. Tyson akaanza, "Mama, kuna mwingine naweza—"

"Nyamaza! Wamalwa, hao watu wako wa makumbusho wanaweza kujua kama hii kitu ni ya kale?"

"Wanaweza, Mama. Wakikuta kila kitu iko hapa."

"Waite. Leo! Waseme mbele ya hawa wote kama mimi ni mwongo. Na mwenye ametia kigae mfukoni, arudishe!"

Vigae vikarudi kimoja kimoja. Tyson alirudisha vitatu.

Wamalwa akabonyeza nambari ya makumbusho aliyoinukuu redioni. Mama alikuwa ameshaweka kigoda chake ukingoni mwa shimo, fimbo mapajani, kama askari. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kile kijiti cha makaa.

"Ngoja niipake tena. Wageni wa serikali wanakuja."

"Mama, hapana!"

Wamalwa akaruka, akalikumbatia bakuli kwa mikono miwili, simu ameibana begani, na huko upande wa pili mtu akisema, "Haloo? Haloo?"