Makapi ya Besi

Baada ya chai, mume alichukua futi ya mkewe kwenye kikapu cha nyuzi, akapima chumba cha kushonea kutoka pembe hadi pembe, akasema kinatosha. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya ushonaji wake, aliuliza kinatosha nini. Chumba cha burudani, mume akajibu. Uamuzi alikuwa nao siku nyingi. Kupima kulikuwa adabu tu. Hadi adhuhuri cherehani ilikuwa imehamia kwenye korido, kati ya mlango wa chumba kile na mlango wa jikoni, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba, kila anayepita akipigwa na pindo usoni.

"Hapa utapata upepo," mume alisema.

"Upepo hautungi uzi kwenye sindano," Fundi akasema. "Mimi nahitaji mwanga."

Aliahidiwa taa. Basi ikabaki kuchagua spika, na hapo ndipo Fundi alipojiambia kwamba kama chumba kimekwenda, angalau spika asimwachie mtu.

Maana spika, kama anavyojua yeyote aliyewahi kushika ufagio, hutoa sauti na huacha makapi. Redio ndogo ya jikoni huacha unga unaofutika kwa kitambaa kibichi. Simu humwaga vumbi kama pilipili ya kusaga, ndiyo sababu mifuko ya suruali hugeuzwa kabla ya kufuliwa. Taarifa ya habari huacha majivu. Matangazo ya biashara hunata, hayo dawa yake ni kisu. Sauti nyembamba hudondoka kama ncha za sindano, na besi hudondoka kama kokoto. Mume alikuwa anayajua yote haya kama alivyojua kwamba sufuria husuguliwa: aliwahi kusikia.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa mizani. Alizunguka sokoni na madukani na mawe yake ya shaba kwenye sanduku, akihakikisha hakuna anayempunja mwenzake, na hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumhonga hata soda. Nyumbani alikuwa mpole. Hakupiga, hakulewa, hakukaripia. Hilo ndilo lililomchosha Fundi kuliko yote, kwa sababu mwanamke akimlalamikia mume wa namna hiyo, watu humtazama yeye na kuona ana kisirani.

Walikwenda dukani pamoja. Fundi alikuwa anataka ile spika moja ndefu, nyembamba kama mche wa sabuni, inayokaa chini ya televisheni. Jirani yake alikuwa nayo. Waisikilize jioni nzima, inaacha sufi kidogo tu, unaipuliza imekwisha. Sufi haina ugomvi na cherehani. Kokoto ikiingia, sindano inakatika, bobini inakwama, na meno ya chini yanaendelea kuvuta nguo ya mtu bila huruma. Na kwenye kamba ile ya korido kulikuwa na gauni la bi harusi, satini nyeupe, mwenyewe ameshajaribu mara mbili na kulia kwa furaha. Lilibaki pindo.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai, mwenye harufu ya vitu vipya.

"Karibu, bosi," alisema. "Karibu na wewe, mama, viti vipo pale."

Kando ya mlango palikuwa na safu ya viti, na kila kiti kilikuwa na mke. Fundi hakukaa. Aliwafuata hadi kwenye chumba cha majaribio, ambako muuzaji aliwasha seti moja baada ya nyingine, na kila alipozima moja, mwanamke mwenye sare aliingia na ufagio, akazoa, akatoka, sakafu ikarudi kung'aa kama haijawahi kuguswa na wimbo.

"Naomba asifagie kwanza," Fundi alisema. "Yaacheni hapo, kila seti na fungu lake, tuone."

"Mama, hapa tunauza sauti," muuzaji alisema kwa upole, halafu akamgeukia mume. "Hii, bosi, utaisikia kifuani."

"Inaacha kiasi gani?" Fundi aliuliza.

"Ina wati elfu moja, bosi."

"Nimeuliza inaacha kiasi gani chini."

"Na dhamana ya miaka miwili."

Kumpigia mbuzi gitaa ni afadhali, kwa sababu mbuzi angalau hugeuza shingo. Mume, ambaye alikuwa ameweka kiganja kifuani kusikia kama kweli anasikia, alikumbuka kwamba amekuja na mtu.

"Mke wangu, wewe unaonaje?"

"Ule mche."

"Umeusikiliza vizuri?"

"Nimeuangalia."

"Sasa spika inaangaliwa?" mume akasema, na muuzaji akacheka kidogo, cheko la kazini. Walirudi nyumbani na spika mbili za kusimama, zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya kwanza zilimwaga kizoleo kizima. Siku ya pili vizoleo viwili, kwa kuwa kulikuwa na filamu ya vita. Kokoto zilipita chini ya mlango zikajikusanya miguuni pa cherehani, na Fundi akawa anashona mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine umeshika ufagio. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na ambaye alishajichagulia kiti cha mbele katika chumba kipya, alipita akaliinamia gauni, akasema kazi nzuri, akaingia ndani kutazama vita.

Jioni Fundi alimwambia mume kwamba spika hizi hazifai.

Mume alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali umesema. Hata mimi sijaridhika. Besi yake haina mviringo. Nilikuwa naogopa utasema naharibu pesa."

Kesho yake alizirudisha dukani. Muuzaji alizipokea bila neno, wanaorudisha aliwajua, akamtoza nyongeza kidogo, akampa seti ya spika tano na sabufa moja yenye ukubwa wa jiko. Makapi yakawa ndoo. Kokoto zikawa na kingo. Fundi akasema hii ndiyo mbaya kabisa, na mume akamshika mkono kwa mapenzi, akasema yeye hakujua kama mkewe ana sikio kali kiasi hicho, wamekuwa wakiishi miaka yote hii na kumbe wanapenda kitu kimoja. Akazirudisha. Akaja na spika saba, sabufa mbili na amplifaya iliyobebwa na watu wawili.

Hapo Fundi alielewa hali yake. Kila alipolalamika, spika ziliongezeka. Akanyamaza. Alikuwa na hasira iliyokaa kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki na haitemeki, na alijua akiitema tu kesho yake atazinduka kwenye sabufa tatu. Mume aliuona ukimya ule, akawaambia wenzake kazini kwamba sasa nyumbani kumetulia, hatimaye wamepata seti inayowapendeza wote.

Wenzake hao walikuja Jumapili kutazama mpira. Fundi alikuwa amekaa koridoni, gauni lipo chini ya sindano, limebaki pindo la nyuma. Aliweka taulo chini ya mlango na gunia juu ya taulo. Alishona polepole. Ndani ya chumba timu moja ilikosa, nyingine ikakosa, watu wakanung'unika, na manung'uniko ya watu hayana makapi, yalikuwa hayamdhuru mtu. Halafu likaingia goli. Uwanja mzima ulipiga kelele kupitia spika saba na sabufa mbili, mlango ukasukumwa na uzito wa kilichokuwa kikimiminika nyuma yake, na kokoto zikabubujika hadi magotini kwake. Moja iliruka kwenye sahani ya cherehani. Sindano ilikatika, bobini ikakwama, na yale meno ya chini yakaendelea kuvuta. Satini ilichanika kutoka pindoni hadi kiunoni. Fundi hakulia. Alizima cherehani akakaa, mikono mapajani, akiangalia.

Mama mkwe alifungua mlango kidogo kuuliza kama chai iko tayari.

Bi harusi alikuja asubuhi. Alilishika gauni, akaingiza mkono kwenye mchaniko mpaka ukatokea upande wa pili, akatazama ndoo zilizopangwa ukutani. Hakugomba. Alisema anaelewa, hata kwao kuna kaka mwenye sabufa, lakini harusi haiahirishwi kwa sababu ya kuelewa. Akalikunja gauni akaondoka nalo kwa fundi mwingine. Wateja wengine wakaja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, kwa adabu, wakimuulizia afya. Kufikia mwisho wa wiki kamba ya koridoni ilikuwa haina kitu.

Jumamosi Fundi alibeba ndoo ya makapi ya jana yake akaiweka mbele ya mume, pembeni ya sanduku la mawe ya shaba.

"Unapima mizani za watu kutwa nzima. Nipimie na hii."

Mume alifurahi kuombwa; si kawaida mkewe kujali kazi yake. Alileta mizani, akaisawazisha, akatoa kwanza uzito wa ndoo tupu kwa kuwa ni mtu mwadilifu, kisha akasoma mara mbili.

"Kilo kumi na nne na robo. Bila ndoo."

"Hayo ya jana."

"Ya jana tu?" Akatikisa kichwa kwa heshima. "Seti ile ina nguvu kweli."

"Mume wangu, nisikilize," Fundi alisema, kwa hasira ambayo sasa haikujali sabufa ya tatu wala ya nne. "Sitaki nyingine kubwa. Sikukwambia hazina mviringo. Nilikwambia zinaniua kazi. Gauni limechanika, wateja wamekwenda, mimi nimebaki mfagiaji wa nyimbo zako. Nataka chumba changu. Kama chumba hakirudi, basi nataka ule mche, leo."

Mume aliweka mikono magotini. Machozi yakamlengalenga, kwa maana hakuwa mtu mbaya.

"Pole sana," alisema. "Unateseka hivi na hukuniambia?"

"Nimekwambia tangu siku ya kwanza."

"Sasa nimekuelewa."

Akavaa viatu akatoka. Fundi alibaki amesimama koridoni. Hakutaka kuwa na tumaini, lakini mikono yake ilikuwa nalo tayari: ilifagia, ikafuta cherehani, ikatia mafuta kwenye gurudumu, ikatunga sindano mpya. Alikwenda hadi kwa jirani kumwambia kwamba huenda wiki ijayo akaanza tena kupokea vitambaa. Jirani alisema atamletea mapazia.

Mume alirudi na boksi refu, jembamba, limefungwa karatasi ya zawadi. Ukubwa ulikuwa uleule wa mche. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu chumba kipimwe akamcheka mumewe usoni kwa furaha, naye mume akacheka, na mama mkwe akatoka ndani kuona kinachochekwa.

Ndani mlikuwa na beleshi. Lilikuwa la bati gumu lenye mdomo mpana, na mpini wake umevikwa mpira ili usichubue.

"Nimelichagua mwenyewe," mume alisema. "Sikumwachia muuzaji. Niliyapima yote dukani, moja moja. Hilo ndilo jepesi."

Fundi aliligeuza upande huu na upande huu. Mama mkwe alilichukua, akajaribu uzito wake, akalirudisha mikononi mwa mkwewe.

"Una bahati, mwanangu," alisema bila kejeli. "Marehemu baba yao alikuwa na gramafoni. Mimi nilizoa kwa hivi." Akamwonyesha viganja, na makovu yalikuwa mengi, madogo, meupe, hadi kwenye ncha za vidole. Halafu akarudi kwenye kiti chake cha mbele.

Mapazia ya jirani yalikuja, yakarudi bila kushonwa. Cherehani ilifunikwa shuka, na baadaye ndoo zikawekwa juu yake kwa kuwa palikuwa na nafasi. Beleshi lenyewe halikuwa na kasoro, haki ya mtu apewe. Kile kilichokuwa kikimchukua Fundi asubuhi nzima na kizoleo, sasa alikizoa na kukimwaga kabla chai haijapoa. Mume aliliona hilo, akafurahi kwamba safari hii amechagua vizuri. Na kwa kuwa mkewe siku hizi alikuwa anamaliza mapema, hakuona ubaya kuwasha spika na asubuhi.