Utepe wa Rufus

Rufus alikuwa na kofia, filimbi na utepe mwekundu na mweupe, na mtu wa aina yake akishapewa vitu hivyo hasikii tena la mtu. Alikuwa ofisa usalama wa shirika moja la misaada, na pale Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, watu wa mashirika walipelekwa semina ya mabomu yaliyozikwa ardhini. Walifundishwa hivi: ukiona kitu usichokijua usikiguse, zungushia utepe, waite wataalamu. Wenzake waliliacha somo hilo huko porini, mahali pake. Rufus alikuja nalo nyumbani. Panya akifa jikoni, utepe. Kioo kikivunjika, utepe, na sisi tunazunguka nyuma ya nyumba kama wezi hadi apatikane mtu wa kuokota vigae.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Hai Amarat, na tulikaa humo Wakenya watatu: yeye, Dancan fundi wa mitambo ya simu, na mimi Penina, karani wa benki. Tulimvumilia kwa sababu moja tu. Nyumba ilikodishwa kwa jina la shirika lake, na aliyefukuzwa humo angeishia kulala kwenye hema kando ya mto kwa bei ya hoteli. Kwa hiyo tulimwita mwenyekiti, naye masikini akaamini.

Jumamosi moja asubuhi lori la maji lilikuja kujaza tangi letu, lililokaa juu ya vyuma nyuma ya nyumba. Dereva akaacha mpira ukimimina, akaenda zake kunywa chai ng'ambo ya barabara. Vyuma vile vilikuwa vimeliwa na kutu, na mwenyekiti alikuwa ameambiwa hadi tukachoka, lakini kutu si bomu. Tangi likalalia paa, likapasuka, na maji ya mto pamoja na tope lake yakashuka kupitia dari hadi kwenye korido, yakielekea chini ya milango ya vyumba vya nyuma, yaani cha Rufus, cha Dancan na stoo.

Nilizima jenereta kwanza, maana umeme na maji havikai nyumba moja. Kisha nikatoka mbio kumtafuta yule dereva, nikamkuta anapuliza chai yake, nikamkokota hadi akafunga mpira. Niliporudi na ndoo na matambara, utepe ulikuwa umeshafungwa mlangoni mwa korido, na Rufus amesimama mbele yake amevaa gambuti, kamera mkononi.

"Hakuna kugusa chochote," alisema. "Nimepiga picha. Nimeita kampuni ya usafi. Wataalamu wako njiani."

"Rufus, haya ni maji. Maji hutolewa kwa ndoo."

"Tukigusa, mwenye nyumba atasema sisi ndio tumeharibu. Penina, kuna utaratibu."

Nilimgeukia Dancan. Godoro lake lilikuwa mle ndani linakunywa maji, naye ameketi na kikombe cha chai, akasema labda Rufus ana sababu zake. Kuna wanaume ambao Mungu aliwaumba ili viti visikae bure.

Hapo ndipo Priscilla alipoingia na kikapu cha samaki kutoka soko la Konyo Konyo. Alikuwa mpishi wetu, mama wa kabila la Bari wa kule Rejaf, nje ya Juba, na vita vilimweka ukimbizini Uganda miaka mingi. Huko kambini ndiko alikodarizi milaya zake, shuka nyeupe za pamba zilizojaa maua na tausi wa nyuzi za kila rangi. Alidarizi kwa taa ya mafuta, akiwa na njaa na bila njaa, kwa ajili ya siku moja: siku ambayo watu wa mchumba wangekuja kumposa binti yake Keji na kukalishwa kwenye viti vilivyotandikwa milaya hizo. Kwao hivyo ndivyo nyumba inavyosomwa. Mashangazi wa kijana hushika mshono, wakajua mama huyu ni mtu wa namna gani. Siku yenyewe ilikuwa kesho yake, Jumapili baada ya ibada. Chumba chake mtaa wa Munuki kilivuja, kwa hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia aziweke stoo kwetu, penye bati zima.

Aliuona utepe, akaweka kikapu chini.

"Mudir," alimwambia Rufus, kwani ndivyo alivyomwita, mkurugenzi, "mimi iko na milaya pale stoo. Mfuko ya bluu. Kesho watu inakuja kwa Keji. Wacha mimi natoa tu hiyo."

Rufus alitazama gambuti zake, nikadhani ni aibu. Nilimpa sifa asiyokuwa nayo.

"Mama, ngoja wataalamu," alisema. "Vitu vyako viko salama kabisa."

"Maji iko mingi, mudir."

"Malesh, mama, samahani. Ni utaratibu."

Basi tukangoja. Jua la Juba likapanda hadi bati likaanza kulia. Kila Rufus alipopata mtandao wataalamu walikuwa wamekaribia, na kila walipokaribia alisimama wima zaidi. Priscilla aliketi kwenye ngazi, mikono mapajani, macho kwenye ule mlango. Nilijua anachohesabu. Uzi wa rangi ukilowa na kuachwa umekunjwa, unachuja, na rangi ikishaingia kwenye nyeupe haitoki tena. Ilitakiwa kuzitoa, kuzisuuza na kuzitandaza mara moja. Hilo halihitaji mtaalamu, linahitaji mikono miwili na utepe usiokuwepo.

Saa za mchana maji ya korido yakaanza kutambaa nje chini ya utepe. Yalikuwa ya tope, na katikati ya tope ukapita mstari mwekundu, halafu wa kijani.

Priscilla aliinuka. Aliukata utepe kwa kisu cha samaki akaingia, nami nikamfuata; nikifukuzwa nifukuzwe, hema na liwe hema.

Hakufika stoo. Ule mstari ulikuwa ukitoka mlangoni kwa Rufus. Chini ya mlango ule, zimesokotwa kama kamba na kukandamizwa kwa kisigino cha gambuti hadi zikajaza ufa wote, zilikuwa milaya. Mfuko wa bluu ulitupwa kando, mtupu. Nilisukuma mlango. Chumba cha mwenyekiti kilikuwa kikavu. Godoro liko juu ya meza, suti inaning'inia dirishani, televisheni imefungwa nailoni. Wakati mimi namkokota yule dereva, yeye alikuwa amefanya kila kitu ambacho mtu mwenye akili hufanya maji yakiingia ndani, akakifanya kwa ajili yake peke yake, kisha akaja kutufungia utepe. Na alipoambiwa kilichomo mfukoni aliendelea kulinda, safari hii akijilinda yeye.

"Nilidhani ni matambara," alisema nyuma yetu.

Nilimdharau Rufus tangu siku ya kwanza, lakini hadi pale nilikuwa namdharau kwa mzaha.

Priscilla alizisokotoa moja moja. Tulizisuuza kwa maji baridi na chumvi, na kwa kuwa kamba ya nguo ilikuwa imelaliwa na vyuma vya tangi, alichukua utepe uliobaki akaufunga kutoka geti hadi kibanda cha jenereta, akazianika juu yake. Nyingi zilipona. Ile kubwa, ya tausi wawili, ilikataa. Wekundu wa mbawa ulikuwa umeenea shuka nzima, na alama ya kisigino imekaa katikati. Jioni wataalamu walifika. Alikuwa Mganda mmoja, Waiswa, juu ya bodaboda, na jambo la kwanza alilofanya ni kutuomba ndoo.

Kesho yake Rufus alikuja Munuki. Alikuwa amealikwa zamani kama mkubwa wa kazini, na mtu kama yeye hawezi kukosa mahali panapogawiwa viti vya mbele. Alivaa ile suti kavu. Priscilla alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka kwenye kiti kikubwa kando ya shangazi wa kijana. Kilikuwa kimetandikwa ile milaya ya tausi. Rufus aliiona akasita, lakini kukataa kiti mbele ya wakwe ni aibu kuliko kukikalia. Akakaa.

Priscilla akawaambia wageni kwa Kiarabu cha Juba, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mudir wake asikose kitu. "Hii mimi ilishona kambini, ya Keji. Jana maji ilikuja kwa nyumba ya mudir, na yeye aliweka hii chini ya mlango. Chumba yake haikulowa hata kidogo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliinama, akashika pindo lililoning'inia karibu na goti la Rufus, akaupitisha mshono vidoleni taratibu, tausi wa kwanza, kisha wa pili. Kisha alimtazama Rufus kuanzia viatu hadi kofia, akamgeukia Priscilla.

"Kwani huyu," aliuliza, "hakuwa na shati la kuziba mlango?"