Kiti cha Mlangoni

Tangu asubuhi Maxine Tordoff alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni ndani ya mlango mkuu wa Jengo la Larkfield, kikombe cha chai mkononi, akimuuliza kila anayeingia anakwenda kwa nani. Ilikuwa zamu yake; wapangaji walikuwa wakipokezana kuulinda mlango. Kufuli lilivunjwa wakati wa baridi, na tangu hapo ngazi za jengo lile la halmashauri zikawa za kila mpita njia: wa kulala, wa kuvuta, wa kukojoa. Mwezi uliopita mmoja wao alimpokonya Bi Enid Pask mkoba na kumsukuma ngazini. Nyonga ikavunjika.

Bi Enid alikuwa anarudi kutoka hospitali siku hiyo. Alishamwambia Maxine kwenye simu: akikuta mlango bado wazi kama soko, atakwenda zake kwenye makao ya wazee, ingawa watoto wake wote aliwalea humu Larkfield.

Kwa bahati, siku hiyo ndiyo ilikuwa ya ukaguzi wa mtaa, ule wa kila msimu ambapo wakubwa wa halmashauri huvaa vizibao vya njano wakatembea na wapangaji kuonyeshwa kero. Walifika watatu.

"Tuanze na huu mlango," Maxine alisema, bila kuinuka.

Bwana Fenwick wa idara ya nyumba aliusukuma kwa kidole. Ukafunguka. "Tumeacha kutengeneza kufuli, mama, kwa sababu mlango mzima utabadilishwa."

"Lini?"

"Hilo waulize watu wa mipango miji."

Bi Priddy wa mipango miji alikuwa akiupapasa ubao wa mlango kama anayenunua kitambaa. "Jengo hili linalindwa kwa ukongwe wake. Mlango wa chuma utaharibu sura yake."

"Na mkojo je? Haujaharibu sura?"

Mzee Cyril wa ghorofa ya chini, aliyekuja kupokea zamu, alicheka hadi akakohoa. "Huo nao una ukongwe wake, dada. Ulindeni!"

Maxine akamgeukia kijana wa usalama wa jamii. "Basi tuleteeni doria."

"Doria huenda palipo na matukio," kijana alisema kwa upole. "Hapa hakuna tukio lililoandikwa."

"Mtu kavunjwa nyonga!"

"Aliondoka na gari la wagonjwa, mama. Kwetu imeingia kama mzee aliyeanguka."

Maxine alikitua kikombe sakafuni kwa kishindo. Yeye ndiye aliyepiga simu siku ile. Alisema "kasukumwa" mpaka sauti ikamkauka.

"Msinizingue," alisema. "Mmoja ana mlango, mwingine ana sura ya mlango, wa tatu ana watu wanaopita mlangoni. Nani kati yenu ana Enid?"

Bwana Fenwick alitoa karatasi nyekundu yenye gundi, akainama, akaibandika kwenye mguu wa kiti alichokalia Maxine. "Hiki nacho kitatolewa leo. Ukitokea moto, kinaziba njia. Kanuni ni kanuni."

"Tumekuwa tukivunja shingo zetu gizani tangu taa ziungue, leo ndiyo umeiona njia?"

"Nipishe nikitoe, mama. Tusigombane."

Gari la hospitali lilisimama nje. Bi Enid alishuka na fremu yake ya kutembelea, hatua moja, pumzi mbili. Alifika mlangoni, akalitazama tundu lilipokuwa kufuli, kisha vile vizibao vya njano.

"Haujatengenezwa," alisema.

"Bado, mama," Maxine alijibu. "Ila mchana kutwa tupo hapa. Na usiku, Cyril na mimi tunapokezana."

Bi Enid alizitazama ngazi. Maxine aliinuka, akamshika mkono, akamkalisha kitini taratibu. Bikizee akashusha pumzi, akaiweka fremu mbele ya magoti yake.

"Na hawa wanakwenda kwa nani?" aliuliza.

"Hata wenyewe hawajui," alisema Cyril.

Bwana Fenwick alikuwa bado ameinama nusu, mkono umebaki hewani.

"Haya, Bwana Fenwick," Maxine alisema. "Kitoe."